Gari la Mzee na kutu iliyojificha chini ya rangi

Mwishoni mwa mwezi wa Rajab tuliafikiana nyumbani kuliuza gari la Mzee. Ni Peugeot 504 ya muundo wa stesheni, aliyoinunua mwaka 1981 alipokuwa bado kazini, na watu wa mtaa wetu hapa Tanga hulitambua kwa mlio wake kabla halijakunja kona. Gari hilo ndilo lililotupeleka chuoni tulipokuwa wadogo, ndilo lililobeba masufuria ya harusi kwenda Pangani, na ndilo lililotangulia katika misafara ya mazishi ya kwenda Muheza. Lakini Mzee amekwisha kuacha kuendesha kwa sababu ya macho, vipuri vimekuwa adimu, na ada za watoto hazingoji. Hivyo tukamwita dalali.

Dalali alilizunguka gari mara mbili. Akainama penye vipele vya rangi chini ya mlango wa dereva, akavibonyeza kwa kidole gumba, akacheka. "Hivi si kitu, kaka. Mpelekeeni fundi apige puti, apige rangi, siku mbili linatoka linang'aa. Mteja ninaye." Na kweli alikuwa naye: mwalimu wa chuo kimoja cha Qur'ani pembezoni mwa mji, mtu mpole, aliyekuwa akitafuta gari pana la kuwachukulia wanafunzi wake wanaotoka mbali. Alikuja baada ya Alasiri, akalipenda, tukakubaliana bei, naye akaomba siku tano akakusanye fedha.

Usiku ule kijana wetu wa pili, anayejifunza uchomeleaji katika chuo cha ufundi, alichukua bisibisi akaanza kugonga kwa mpini wake kwenye kizingiti, yaani lile boriti la bati lipitalo chini ya milango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Mbele sauti ilikuwa kali, ya chuma kizima. Alipofika chini ya mlango wa dereva sauti ikawa butu, kama mtu anayegonga ubao uliolowa. Akaigeuza bisibisi, akasukuma kidogo. Ikazama hadi kwenye mpini. Alipoichomoa, kutu ilimwagika sakafuni kama majani ya chai.

Tulisimama na tochi zetu tukitazamana. Hakuna aliyesema neno kwa muda, na tuseme kweli, ukimya ule haukuwa wa mshangao peke yake. Kila mmoja alikuwa akipiga hesabu. Puti na rangi ni gharama ndogo, mwalimu amekwisha kukubali bei, na bisibisi ile imeonwa na watu watatu tu wa nyumba moja. Wasomaji wetu wanajua hukumu ya anayeuza kitu huku akiificha kasoro yake, na wanajua kuwa mnunuzi ana haki ya kukirudisha akiigundua. Nasi tulijua. Lakini kujua ni jambo moja, na kuwa na ada ya muhula mkononi mwa mtu aliye tayari kukulipa ni jambo jingine.

Aliyekata shauri alikuwa Mzee. Asubuhi tulimweleza kwa maneno ya kuzungukazunguka, kwamba kuna kutu kidogo, kwamba dalali ana fundi. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na wajukuu zangu utawapakia humo, likishapigwa hiyo puti?" Tukasema, "Hapana, Baba." Akasema, "Basi watoto wa mwenzio utawapakiaje?" Akarudi kwenye kahawa yake. Siku hiyohiyo tukampigia simu mwalimu tukamweleza. Alishukuru, akasema atatafuta kwingine, lakini kama tutalitengeneza na yeye hajapata, tumjulishe. Dalali naye alipiga simu jioni, na maneno yake hatutayaandika katika gazeti la familia.

Inafaa tueleze kwa nini kizingiti kilitutia hofu kuliko tundu la boneti au la madigadi. Malori na baadhi ya magari ya kazi yana chasisi, fremu nzito ya chuma inayobeba kila kitu, na bodi huwekwa juu yake. Magari mengi madogo, na 504 ni mojawapo, hayana fremu hiyo. Bati lenyewe lililokunjwa na kuungwa ndilo linalobeba injini, abiria na mizigo. Sakafu, vizingiti na nguzo za milango vinashikana kama kuta na dari za nyumba. Kizingiti kikioza, gari huanza kulegea katikati, milango hukataa kufunga sawasawa, na siku ya ajali ile sehemu iliyotakiwa kuhimili pigo hukunjika kama boksi la kadibodi. Puti haihimili chochote. Ni unga na gundi iliyokauka.

Na kwa nini kutu huanzia humo ndani? Chuma, maji na hewa vikikutana hufanya kutu, na chumvi huiharakisha kazi hiyo. Sisi tulio mwambao tunaishi na vyote vinne mlangoni. Kiwandani huacha matundu madogo chini ya kizingiti ili maji yanayopenya yatoke. Miaka inapita, mchanga na tope vinayaziba, na hakuna anayekumbuka kuyazibua. Maji hukaa humo gizani. Kwa kuwa kutu hujaa nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hutanuka na kuisukuma rangi kutoka ndani, ndipo tunapoona kipele. Kwa hiyo kipele kinapotokea nje, mara nyingi kazi imekwisha ndani. Mwenye gari la zamani akiwa na msumari mwembamba na dakika 10 kila baada ya mvua za masika, azibue matundu hayo, atakuwa amejiokolea mengi.

Tulianza tarehe za mwanzo za Shaaban, tukikusudia kumaliza kabla ya mwezi mtukufu. Uwanja wetu ulikuwa ua wa nyuma ya nyumba, chini ya mwembe. Tulitoa viti, mazulia na milango ya upande wa dereva, tukafungua betri, kisha tukateremsha tangi la mafuta na kuliweka mbali upande wa pili wa ua. Bomba la mafuta linalopita chini ya sakafu nalo tulilitoa. Kijana aliling'ang'ania jambo hili, ingawa lilitugharimu siku nzima na nati tatu zilizokatika, akisema mwalimu wao huwaambia kwamba tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke ndio unaolipuka.

Tulipokwangua rangi ya kizingiti, chini yake tulikuta puti yenye unene wa kidole. Chini ya puti palikuwa na kipande cha bati kilichobandikwa kwa ribiti juu ya chuma kilichooza. Na nyuma ya bati hilo, ndani ya uwazi wa kizingiti, kuliko na nini? Gazeti. Fundi mmoja, miaka mingi iliyopita, alilisokomeza ili puti yake ipate pa kuegemea, na karatasi ile ikakaa inanyonya maji kama sponji. Tuliikunjua kwa uangalifu. Halikuwa gazeti hili, alhamdulillahi. Mzee alikumbuka vizuri kuwa alilipa fedha kamili kwa matengenezo hayo, naye kwa miaka yote hiyo ametupakia sisi humo akiamini gari ni zima.

Hapo ndipo tulipokiri kuwa ujuzi wetu hautoshi, tukamwendea fundi bodi mmoja mzee aliyestaafu, ambaye sasa hukaa barazani kwake akitengeneza majiko ya mkaa. Alikuja na bakora yake, akakaa juu ya ndoo, akatazama kwa muda mrefu. Sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba tusikate chochote kabla ya kulishika gari. Tukaliinua na kuliweka juu ya vigogo imara, jeki zikiwa za kusaidia tu, kisha tukachomelea bomba la pembe nne kutoka nguzo moja ya mlango hadi nyingine ili nafasi ya mlango isibadilike. Tukapima mlalo huu na mlalo ule kwa utepe, tukaandika kwa chaki ukutani. Sharti la pili: upande mmoja kwanza, ukamilike, ndipo tuguse mwingine. Anayekata pande zote mbili pamoja, alisema, asishangae gari likikaa kama ndizi.

Sharti la tatu ndilo lililotuuma, maana lilikula bati jingi. "Kateni mpaka mkione chuma cheupe." Tulitaka kukata pale palipotoboka tu. Alitukataza. Chuma kilichokondeshwa na kutu hakishiki mshono. Ukikipa moto kinayeyuka, na ukibandika bati juu yake umeijengea kutu nyumba nyingine. Tundu lililokuwa na upana wa bisibisi likawa, baada ya grainda, na urefu wa dhiraa nzima.

Tulipotafuta bati la kuziba tulikumbuka vipande vya mabati ya paa vilivyobaki ujenzini. Fundi alivisukuma kwa bakora. Bati la paa ni jembamba mno, na lile limepakwa zinki; zinki ikiungua hutoa moshi mweupe ambao humtia mchomeleaji homa na kutetemeka usiku kama mwenye malaria. Tukanunua bati jeusi la chuma la geji 20, unene usiofika milimita moja, unaokaribiana na bati la gari lenyewe. Kila kiraka tulikikata kwanza kwa kadibodi, tukakijaribu, tukakirekebisha kwa mkasi, ndipo tukakihamishia kwenye bati na kulikunja kwa nyundo juu ya chuma cha pembe. Binti yetu wa darasa la saba, aliyezoea kukata mifano ya magauni na mama yake, alitushinda sote kwa kazi ya kadibodi. Viraka viwili tulivyokata wenyewe bila yeye vilitupwa.

Sasa uchomeleaji wenyewe. Kijana alikuwa ameazima mashine ndogo ya vijiti, ile wanayotumia watengeneza mageti. Kwa kijiti cha milimita 2.5 geti huungika vizuri. Bati la gari linatoboka. Kila alipogusa, tundu jipya lilifunguka, na kila alipojaribu kuliziba lilipanuka. Alipata vijiti vya milimita 1.6, akashusha umeme hadi ampea 35 hivi, mambo yakawa afadhali, lakini jioni umeme wa mtaa ulipodhoofika moto ulikuwa ukizimika mkononi. Siku ya tatu tuliacha. Tulikodi mashine ya waya na gesi, ambayo mafundi huiita MIG, yenye waya mwembamba wa milimita 0.6. Humo gesi ndiyo inayoukinga mshono usiunguzwe na hewa, na upepo wa kaskazi wa pale uani ulikuwa ukiipeperusha, mshono unatoka na vitundu kama mkate wa kumimina. Ikabidi tufunge turubai upande wa upepo, mbali na cheche. Waya wa kurefushia umeme tuliukunjua wote, kwani ukiachwa umezungushwa hupata joto hadi kuyeyuka.

Siri ya bati jembamba, tulijifunza, ni kutokuwa na pupa. Hauvuti mshono mrefu. Unatia doa moja hapa, doa jingine mwisho wa kiraka, la tatu katikati, unaacha lipoe hadi uweze kuliweka kiganja, kisha unarudi kujaza kati ya madoa hayo, kidogokidogo. Ukikimbilia, joto huvuta bati na kulifanya liwe na mawimbi. Kiraka kimoja cha shubiri mbili kilituchukua Alasiri nzima.

Mikasa miwili tuisimulie, kwa kuwa huenda ikamfaa mwingine.

Wa kwanza ulikuwa moto. Adhana ya Alasiri ilitukuta tunachomelea karibu na kiti cha nyuma. Tukazima mashine, tukatawadha, tukaenda msikitini tukiwa na utulivu wote wa watu waliozima mashine. Mama watoto, aliyekuwa akianua nguo, aliona uzi wa moshi ukipanda kutoka kwenye pembe ya sakafu. Kipande cha pamba ya kuzuia kelele, kilichobaki ndani ya uwazi tusiofika, kilikuwa kimepata cheche na kikiungua polepole bila mwali. Alimimina ndoo mbili humo, na tuliporudi tulimkuta amekaa kwenye kigogo, ndoo ya tatu mapajani, akitungoja. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyeweka utaratibu: uchomeleaji unakoma nusu saa kabla ya adhana, na mtu mmoja anakaa hapo na maji akitazama tu, hafanyi kingine. Hatukubishana naye.

Wa pili ulikuwa wa macho. Kijana alikuwa na kinyago chenye kioo cheusi cha namba 10. Mwandishi wa mistari hii hakuwa nacho. Alikuwa akishika kiraka kwa koleo na kugeuza uso kando kila moto ulipowaka, akidhani hiyo yatosha, na mara chache akichungulia. Mchana hakuhisi kitu. Baada ya Isha macho yakaanza kuwasha, na kufikia saa sita za usiku ilikuwa kama yamejazwa mchanga wa moto, machozi hayakatiki, taa haitazamiki. Jirani mmoja akashauri maziwa, mwingine vipande vya kiazi. Daktari, asubuhi, alisema tusitie chochote cha jikoni machoni. Akatoa dawa ya matone, akaagiza giza na mapumziko, na baada ya siku mbili yakapona. Akatuonya kuwa mwanga ule huunguza ngozi ya jicho kama jua liunguzavyo mgongo, kwamba miwani ya jua haizuii, na kwamba mtoto anayetazama kutoka dirishani yumo hatarini vilevile. Ndipo tulipokumbuka wale wadogo wawili waliokuwa wakichungulia kwenye nyavu za jikoni. Alhamdulillahi, walikuwa mbali vya kutosha. Dirisha lile tulilitundikia kanga hadi kazi ilipokwisha.

Vizingiti vyote viwili na kipande cha sakafu vilikamilika siku ya ishirini. Kijana akataka kuendelea na kutu iliyokuwa mbele, pale shokapu inaposhika kwenye bodi. Fundi mzee alikataa kabisa. Kizingiti, alisema, mnaweza kukifanya uani mkiwa na subira. Penye shokapu, penye usukani, na penye kufungwa mikanda ya abiria, si mahali pa kujifunzia. Tulilivuta gari hadi gereji yenye vifaa na mtu aliyezoea, tukalipa. Hatukupenda kulipa, lakini yeye mwenyewe, mwenye uzoefu wa maisha mazima, alikiri kuwa asingelifanya hilo chini ya mwembe.

Yaliyobaki yalikuwa ya kawaida. Rangi ya kuzuia kutu ndani na nje, kibandiko cha mpira kwenye viungo, na matundu ya kutolea maji tuliyoyatoboa upya kwa drili. Ndani ya vizingiti tulinyunyiza nta ya kukinga kutu, kwa kuwa mshono mpya huota kutu kwa nyuma kuliko mahali pengine popote. Na puti? Ndiyo, tuliitumia. Tabaka jembamba juu ya chuma kizima, kusawazisha alama za grainda. Haina kosa lolote ikiwekwa kwenye kazi yake.

Siku nne kabla ya Ramadhani tulimpigia mwalimu. Alikuwa bado hajapata gari. Alipofika tulimpa bisibisi na tochi kabla hata ya chai, tukamwambia agonge popote apendapo. Alisita kwa haya, kisha akavua kofia, akalala kwenye jamvi na kuingia chini. Tuliisikia ile sauti kali ikienda kutoka mbele hadi nyuma, upande mmoja, halafu wa pili. Akatoka na mchanga mgongoni, hakusema neno, akaomba maji.

Tulikuwa tumemwandikia karatasi: kipi kimekatwa na kuungwa, kwa bati gani, na nani; kipi kimefanywa gereji; na vipi bado havijaguswa. Mlango wa nyuma unaingiza mvua. Kioo cha abiria hakishuki. Kuna kutu ya juujuu chini ya taa ya kulia. Bei tuliipunguza shilingi laki tatu kwa ajili ya hayo, na dalali, aliyekuja kuchukua chake, alitikisa kichwa kama mtu anayetazama maji yakimwagika. Mwalimu alisoma karatasi yote taratibu, akatia saini, akaikunja. Alipokuwa akiitia mfukoni, Mzee aliita kutoka barazani, macho yake yakiwa hayaoni vizuri lakini masikio yakiwa kamili:

"Mmeandika honi? Ukikata kushoto inalia yenyewe."

Tulikuwa tumesahau. Mwalimu akaitoa karatasi, akaomba kalamu.